Vitambaa vya Bi Stumai

Kitu cha kwanza anachofanya Bi Stumai pikipiki ikifika kwake ni kuiacha. Hagusi ndoo wala sabuni. Anasogeza mgongo wa mkono karibu na injini, bila kuigusa, kama mtu anayepima homa ya mtoto aliyelala, halafu anasema, "Bado ina moto. Kaa." Mwenye pikipiki anakaa kwenye gogo lililo ubavuni mwa mashine ya kusaga ya mzee Maximilian, na anaweza kukaa hapo nusu saa nzima akisikiliza mahindi ya watu yakisagwa.

Mara ya kwanza nilipoambiwa nikae ilikuwa Machi. Nilikuwa nimetoka vijiji vya Mpui na tope limeniganda mpaka magotini. Kazi yangu ni ugani, wakulima huniita bibi shamba, na vijana wa bodaboda wa Majengo nao wamelichukua jina hilo. Pikipiki ninayotumia ni ya idara. Kwa miaka miwili nilikuwa naipeleka kwa vijana wenye mashine ya presha, kule barabarani, ambako humalizi dakika kumi. Maji yalikuwa yanalichana tope vipande vipande, na nilipenda kutazama. Lakini stika ya tenki ikaanza kuinuka pembeni. Taa ya mbele ikawa inaamka na ukungu ndani ya kioo. Mwishowe gurudumu la mbele likaanza kusaga meno, na fundi alipolifungua alinionyesha beringi zilizoliwa na kutu.

"Maji hayo," alisema. "Yanasukumwa mpaka ndani, grisi inatoka. Nenda kwa yule mama wa nyuma ya mashine."

"Yule anayechelewesha watu?"

"Huyo huyo."

Kwa hiyo nikakaa kwenye gogo, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikamtazama.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, ushungi umefungwa kwa nyuma, buti za mpira za bluu, kanga juu ya gauni. Alizaliwa Kipili, kule chini ziwani, na ziwa lilikuwa bado linasikika katika maneno yake. Hakuongea kwa ule mvuto wa Kifipa tulio nao sisi wa huku juu. Injini ilipopoa alichukua kitambaa kilichoviringwa akaziba mdomo wa bomba la moshi. Akafunika tundu la ufunguo na swichi za usukani kwa nailoni, akaifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Aligeuza pikipiki ili ipate kivuli na iupe mgongo upepo, kwa sababu unga unaopeperuka kutoka mashineni ukitua juu ya rangi iliyolowa maji unageuka uji. Hapo ndipo alipochota maji.

Alianza na maji matupu. Alimimina kwa kopo, kutoka juu, polepole, akiacha yateremke yenyewe. Tope lililokuwa limekauka kama tofali likalegea, likaanza kudondoka bila kuguswa.

"Mbona husugui?" nilimuuliza.

"Ndani ya tope kuna mchanga, mdogo wangu. Ukisugua sasa umepiga msasa."

Kisha akaja na ndoo ya pili, yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, povu lisilofika hata nusu kidole. Ubavu wa kulia kwanza, kuanzia tenki kushuka, halafu wa kushoto. Kitambaa kilichogusa tenki hakikugusa magurudumu. Magurudumu yalikuwa na chake. Baadaye maji matupu tena. Cheni aliisafisha mwisho, kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, huku kiganja cha mkono mwingine kikikinga ili tone lisirukie upande wa breki. Katika kukausha kwenyewe hakuvuta kitambaa juu ya rangi. Alikilaza, akakibonyeza, akakiinua, akakilaza mbele kidogo.

Nilipokuwa naondoka alinishika usukani. "Kanyaga breki mara tatu nne hapa hapa kwenye tambarare kabla hujaongeza mwendo. Zina maji."

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mtu mwenye kazi kama yangu huzoea kuangalia namna watu wanavyofanya vitu na kujiuliza waliipata wapi namna hiyo. Ukiona mkulima anapanda ulezi kwa mstari, kuna aliyemfundisha. Ukiona mwingine anaosha pikipiki kwa majivu na gunzi, kama wafanyavyo wengi huko vijijini, unajua ameitazama sufuria ya mama yake. Tenki la namna hiyo linang'aa siku mbili, halafu linafifia moja kwa moja. Bi Stumai alikuwa anazitambua pikipiki hizo kwa kupitisha kiganja tu. "Hii imeoshwa kwa majivu," alikuwa akisema, bila kulaumu.

Lakini yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa imemtazama nani? Hakuwa fundi. Hakujua hata kuendesha. Niligundua kwamba maji aliyapitisha mara tatu, na kama tope lilikuwa bado lipo, mara tano. Sikumwona hata siku moja akiishia mara nne. Kulia kabla ya kushoto, siku zote. Na siku nyingine mikono ya gauni lake ilinukia kafuri, nikadhani ni ya kuhifadhia nguo.

"Nani alikufundisha, Bi Stumai?"

"Shangazi yangu. Kule Kipili."

"Alikuwa na pikipiki?"

Akacheka kwa puani. "Shangazi hakuwahi kukaa hata juu ya baiskeli."

Zaidi ya hapo hakuongeza. Nilikuja kuona kwamba kukaa kimya ilikuwa sehemu ya kazi yake kama zilivyokuwa zile ndoo mbili. Siku moja alikuwa akiosha pikipiki ya Calvin, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kijana mrefu mwenye maneno mengi, ambaye hushuka Kipili kuchukua migebuka na kuipandisha mjini. Pikipiki zilizobeba samaki Bi Stumai huziosha chini kwanza, kwa sababu maji ya samaki yakikaa kwenye chuma yanakula rangi kwa siri. Alipoinama chini ya ile ya Calvin nilimwona akisimamisha mkono. Kikanyagio cha kulia kilikuwa kimepinda na kurudishwa kwa nyundo, na mkwaruzo mrefu ulikuwa umepakwa rangi nyeusi ya viatu. Calvin alikuwa ameanguka kwenye mteremko.

Bi Stumai alimwita pembeni. "Kipeleke kwa fundi kabla hujampakia mtu. Leo hii."

"Mama, tafadhali, mjomba asijue."

"Mimi nimekwambia habari ya fundi."

Pikipiki ilikuwa ya mjomba wake, mzee Kasmir. Siku mbili baadaye mzee huyo alikuja mwenyewe, mikono nyuma, nami nilikuwepo kwenye gogo.

"Mama, wewe ndiye unayeiosha pikipiki yangu. Huyu kijana ameanguka nayo?"

"Mimi nimekuta tope, mzee. Nimelitoa."

"Na chini ya tope?"

"Chini ya tope kuna pikipiki yako. Inakwenda, inasimama. Nimemwona fundi ameigusa juzi."

Mzee Kasmir akamtazama, akanitazama na mimi, akaondoka. Calvin alikuwa amejificha ndani ya mashine ya kusaga. Alitoka mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope, na wenzake walimwita mkate siku nzima.

Mwezi Mei, upepo wa kipupwe ulipoanza, jirani yangu wa nyumba ya pili alifiwa na mama yake. Ni familia ya Kiislamu, watu wa biashara ya vitenge, na sisi Wakatoliki wa mtaa ule tuliingia jikoni na uani kama inavyofanyika siku zote. Mimi nilipewa kazi ya maji. Yalipashwa moto kidogo kwenye sufuria kubwa uani, nami nikawa nayabeba ndoo kwa ndoo mpaka kwenye pazia la chumba alichokuwamo marehemu. Mkono ulikuwa unatoka, unapokea. Sikuona kitu na sikutaka kuona. Lakini nilisikia.

"Anzeni kulia," ilisema sauti ndani. "Mimina taratibu. Maji yasiwe na nguvu. Yaache yateremke yenyewe."

Nilisimama pale na ndoo tupu mkononi mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Walipomaliza, Bi Stumai alitoka ameshusha macho, mikono ya gauni imekunjwa, akinukia kafuri. Vitambaa vilivyotumika vilikuwa ndani ya mfuko. Alivibeba mwenyewe hadi kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba, akavitia, akaomba jembe, akavifukia. Kisha akaoga, akabadili nguo, akaja kukaa nasi mkekani kama mfiwa mwingine yeyote. Aliniona. Aliitikia kwa kichwa tu.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Sijui neno jingine. Nilikuwa nimepata jibu la kitu nilichokiuliza miezi miwili, na lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia: kwamba uangalifu ule, kuziba matundu, kutosugua, kulaza kitambaa badala ya kukivuta, ulikuwa umetoka kwenye miili ya watu wasioweza tena kusema wanaumia. Nilitaka kumwambia mtu.

Nikawaambia wasiostahili kuambiwa. Ilikuwa Jumatatu, niko kijiweni nasubiri mtu, na Calvin akaanza utani wake.

"Shikamoo bibi shamba. Hiyo pikipiki unailaza kitandani? Mbona kila siku mpya?"

"Marahaba. Ni Bi Stumai huyo," nilisema. "Mnajua alijifunzia wapi kuosha hivyo? Huyu ndiye anayewaosha marehemu wa Kiislamu, wale wanawake. Anaosha pikipiki vile vile, kwa heshima ile ile."

Nilikuwa namsifu. Niliona nyuso zao zikibadilika kabla sentensi haijaisha.

"Kwa mikono hiyo hiyo?" aliuliza mmoja.

"Kwani ana mingapi?" akasema mwingine, na wakacheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

"Na vitambaa je?" akasema Calvin. Hakuwa anacheka. "Mimi juzi nimekaa kwenye siti bado mbichi."

Niliwaeleza habari ya shimo na jembe. Walinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu wa ofisini.

Alhamisi nilipokwenda nyuma ya mashine, gogo lilikuwa tupu. Bi Stumai alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vitambaa vyake vimekunjwa miguuni, vikavu. Kwa kawaida pikipiki saba au nane zilikuwa zinasubiri zipoe. Aliosha yangu kama siku zote, na mimi nikakosa ujasiri wa kumweleza. Wiki iliyofuata hali ilikuwa ile ile. Vijana walikuwa wanapita mbele ya mashine wakielekea barabarani kwenye presha, na mmoja alikuwa na tabia ya kuongeza mwendo akifika pale.

Mzee Maximilian si mtu mbaya. Alimpa Bi Stumai ile sehemu na bomba la maji kwa sababu waliokuja kuosha walikumbuka pia kuleta mahindi, na waliokuja na mahindi walikumbuka kuosha. Sasa vijana wa presha walikuwa wameiomba nafasi hiyo. Alimfuata nikiwepo, akapiga makofi mawili madogo ya salamu kama wafanyavyo wazee wetu wa Kifipa, akasimama huku akijipangusa unga kwenye nyusi.

"Mama Stumai, mimi sina neno na wewe. Lakini watu wanasema wanaogopa. Hata wateja wa kusaga wanauliza kama maji ya bomba ni yale yale."

"Maji ni ya bomba lako, mzee."

"Najua. Nasema wanayosema wao. Sasa chagua moja. Ukiacha ile kazi nyingine, mimi mwenyewe nitasimama kijiweni niwaambie umeacha. Usipoacha, mwisho wa mwezi nitawapa hawa vijana wa presha. Mahali hapawezi kukaa patupu."

"Na huku Majengo nikiiacha, ataosha nani?"

"Hilo mimi sijui, mama. Siyo dini yangu."

"Tuko watatu," alisema Bi Stumai. "Mmoja haoni vizuri. Mwingine miguu imevimba. Siwezi kuiacha, mzee Maximilian. Wewe wape tu."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosema "bado ina moto". Mzee akaguna, akarudi kwenye kelele za mashine yake.

Hapo nikamwambia kwamba ni mimi. Nilisema yote, kijiwe, Jumatatu, maneno yenyewe. Aliendelea kufuta spoki moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nani mwingine alikuwa pale na ndoo?"

"Nilikuwa nakusifu, Bi Stumai."

"Shangazi alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa. Alisema, ukishatoka chumbani, ulichokiona kibaki chumbani. Kizuri na kibaya. Akimaanisha na kizuri pia. Mimi wakati ule sikuelewa kwa nini na kizuri."

Nilitamani ardhi inifunike. Yeye alisogeza ndoo akanipisha nikae.

"Uliuliza kuhusu pikipiki," alisema. "Mara tatu nne umeniuliza. Basi ngoja nikwambie, maana lililobaki ni hilo tu. Mume wangu alikuwa anapandisha samaki kutoka kwetu, kabla ya hawa kina Calvin. Alifia hospitali, siyo barabarani, moyo tu. Wanaume wakasema watamwosha wao, mimi nipumzike. Sikubisha. Walinikalisha ndani na wanawake. Siku ya tatu wageni walipoondoka nikatoka uani, nikaikuta pikipiki yake imeegemea ukuta, ina tope la safari ya mwisho na magamba ya migebuka kwenye spoki. Mimi mikono yangu haijui kuosha namna nyingine. Nikaanza kulia."

Alisema tu kwamba aliyekuja kuinunua alidhani ni mpya, akauliza nani ameiosha, na baada ya wiki akarudi na ya rafiki yake.

Ilikuwa imebaki wiki moja mwezi uishe. Sikuweza kufanya lolote. Nilikwenda kijiweni mara mbili kuwaeleza upya, na mara zote mbili nilijiona nazidi kuchafua. Niliyekuwa nategemea angemtetea ni Calvin, kwa ile habari ya mjomba wake, lakini Calvin alikuwa na aibu na akawa ananikwepa.

Alikuja siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, anasukuma. Pikipiki ilikuwa imezimika karibu na soko. Alikuwa ameitoa Kipili usiku wa kuamkia jana, akaiosha kwa presha asubuhi, ikagoma kuwaka mchana. Fundi alikuwa amekausha swichi na plagi ikawaka, ikazima tena. Stika ya tenki, yenye picha ya simba aliyoipenda sana, ilikuwa imebaki miguu ya nyuma na mkia. Nilikuwa kwenye gogo na pikipiki yangu inapoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Calvin."

Alisimama. Akafungua siti, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha pamba, kipande cha shuka ya maua, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Mama, mimi nina ombi. Unioshee kwa hiki. Nitakuja nacho na nitaondoka nacho. Siyo kwamba..." Akamsogezea kitambaa. "Nimekileta tu."

Nilidhani atakasirika. Mimi ningekasirika. Bi Stumai alikipokea, akakinyoosha juani, akakipitisha kati ya vidole akitafuta uzi mgumu, akatafuta pindo, akalichana.

"Pindo linakwaruza," alisema. "Lete na cha pili, cha magurudumu. Hiki kisifike chini."

"Ninacho cha pili."

"Basi weka hapo. Bado ina moto?"

"Imesukumwa, mama. Ni baridi kama mimi."

Akaiosha. Calvin alitazama mwanzo mpaka mwisho, hata kuziba kwa bomba la moshi, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama. Katikati alisema, kama anayewaza kwa sauti, "Kwa hiyo siku yangu ikifika, ni wewe?"

"Wewe mwanaume, tena Mkatoliki. Huna bahati hiyo. Utaoshwa na wajomba."

"Mzee Kasmir? Huyo ataniosha kwa gunzi."

Bi Stumai alicheka mpaka akaweka kopo chini. Sijawahi kumsikia akicheka vile kabla ya hapo.

Kesho yake walikuja wawili, wana mifuko. Keshokutwa sita. Si wote, kuna waliobaki presha, na kuna mmoja mpaka leo akipita pale anaongeza mwendo. Wale waliokuja walileta vipande vya mashuka, fulana za uchaguzi, kanga zilizochakaa za wake zao, na Bi Stumai alivikagua kimoja kimoja. Fulana zenye picha iliyochapwa kwa mpira mgumu alizikataa. Cha mtu mmoja kilikuwa gunia laini, akamrudisha nacho nyumbani. Wengine walichoka kubeba, wakaanza kuviacha, na yeye akafunga kamba kutoka nguzo ya mashine hadi kwenye mti wa mlingoti, kila kitambaa na alama yake: cha Calvin mafundo mawili, cha mwingine kipande cha utepe, cha mwingine kifungo cha shati.

Waliogopa, hilo sitalificha, na wengine bado wanaogopa. Lakini baada ya wiki tatu niliona kitu ambacho hata yeye alikuwa hajakifikiria. Zamani vitambaa vyake vitatu vilikuwa vinazunguka pikipiki nane kwa siku, na hata ungevisuuza vipi, punje ya mchanga wa huyu ilikuwa inabaki ikamkute yule. Sasa kila pikipiki ilikuwa na vyake. Mikwaruzo midogo midogo kama nywele, ile unayoiona jua likipiga tenki kwa ubavu, haikuongezeka tena. Nilimwonyesha. Aliinamisha kichwa huku na huku akiangalia tenki la Calvin juani.

"Kweli," alisema. "Ni woga wao huo."

Mzee Maximilian alihesabu siku zake mwezi ukaisha, akatoka nje, akaitazama kamba ile ikipigwa na upepo na vijana wamejaa kwenye gogo lake, akarudi ndani. Vijana wa presha walipokuja kuuliza, nilimsikia akiwaambia mashine yao ina kelele. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa mashine ya kusaga, akipaza sauti ili asikike. Jioni yake mke wake alileta kipande cha kanga, akasema ni cha pikipiki ya baba.

Mimi peke yangu sikuwa na kitambaa kwenye kamba. Nilikuwa nimeamua hivyo. Nilitaka ajue kwamba walau mmoja hana hofu na vile vya kwake.

"Chako kiko wapi?" aliniuliza Alhamisi moja.

"Mimi siogopi, Bi Stumai."

"Sijakuuliza kama unaogopa. Unatoka Mpui na tope la Mpui, unataka nikuoshee kwa vile vyangu vya ndoo. Kalete kitambaa."

Nilikwenda dukani kwa jirani yangu wa vitenge, yule aliyefiwa na mama yake. Nilimwambia nataka pamba laini, nusu mita, isiyo na chapa nzito. Aliuliza ya nini, nikamwambia ya pikipiki, kwa Bi Stumai. Alikata mita nzima.

Niliporudi Bi Stumai alichana pindo, akaigawa vipande viwili, akatia fundo kwenye pembe ya kila kimoja na kuviweka mwisho wa kamba baada ya kile chenye kifungo. Kisha akaisogelea pikipiki yangu na mgongo wa mkono.

"Bado," alisema. "Kaa."

Nikakaa kwenye gogo. Kijana mmoja alisogea kunipisha, Calvin akauliza kama mahindi ya Mpui mwaka huu yamekubali, na ndani mashine ikaanza kusaga ya mtu mwingine.